Wakili wa bure jeshini Marekani: mwongozo kwa askari na familia zao

Maswali ni yale yale. "Nimepewa amri ya kuhamia Korea na mkataba wa nyumba umebakisha miezi minane, nitaudai vipi uhuru wangu?" "Mume wangu yuko misheni, gari limeisha usajili na dirishani hawanitambui." "Mama yuko Kisii, naweza kumwandika kwenye bima?" Kila moja lina jibu, na kwa mengi jibu hilo hutoka kwa wakili ambaye tayari umeshalipiwa. Sheria ya Marekani, kifungu cha 10 U.S.C. 1044, inaruhusu jeshi kutoa msaada wa kisheria bila malipo kwa askari walio kazini, wastaafu na wategemezi wao. Wa Guard na Reserve, yaani askari wa akiba, wanaingia wakiwa kwenye amri ya kazi ya zaidi ya siku 30.

Mwongozo huu unawahusu wazungumzaji wa Kiswahili waliojiunga na jeshi la Marekani, na wenzi wao, walioko kambini au waliobaki nyumbani Afrika Mashariki.

Andaa hivi kabla hujaenda

- Kitambulisho cha kijeshi, au kile cha familia. Kama mke au mume hajasajiliwa DEERS, yaani orodha ya jeshi ya wanaostahili huduma, anzia huko. Huko wanataka cheti cha ndoa chenyewe, si picha za harusi. Ndoa ya kimila au nikaha isiyosajiliwa serikalini haipiti, kwa hiyo ipeleke kwanza kwa msajili wa ndoa wa nchi yako upate cheti. Cheti cha Kiswahili au Kifaransa kiambatane na tafsiri ya Kiingereza yenye tamko lililosainiwa na mtafsiri.
- Amri zako za kazi, kurasa zote, nakala tatu.
- Karatasi yenyewe inayokusumbua: mkataba, barua ya mahakama, taarifa ya mkopo. Wakili hawezi kusoma mkataba uliousimulia.
- Bahasha iliyoleta barua ya mahakama. Muhuri wa tarehe juu yake unaweza kuwa na thamani kuliko barua.
- Ukurasa mmoja wa matukio kwa tarehe. Nusu saa ya miadi huisha upesi ukianza kusimulia tangu mlipokutana.

Hatua ya 1: Jua mlango wako

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu mawakili wote wamevaa sare moja na mara nyingine wako jengo moja.

Ofisi ya msaada wa sheria hushughulikia mambo ya kiraia: wosia, hati za uwakili, ndoa na talaka, matunzo ya watoto, madeni, mikataba ya nyumba, kodi ya mapato, na katika ofisi nyingine uhamiaji.

Ukituhumiwa kosa, ukiletewa Article 15 (adhabu ya kamanda bila mahakama) au ukiambiwa unaondolewa jeshini, nenda kwa wakili wa utetezi. Army inamwita Trial Defense Service, Air Force ni Area Defense Counsel, Navy ni Defense Service Office. Hawa hawako chini ya kamanda wako.

Aliyefanyiwa ukatili wa kingono ana wakili wake wa tatu, Special Victims' Counsel. Kwenye Navy na Marine jina ni Victims' Legal Counsel.

Halafu yupo wakili wa kamanda. Huyo si wako. Atakusalimia vizuri, atakusikiliza, na ulichosema hakina siri. Swali la kwanza kwa wakili yeyote mwenye sare liwe hili: "Wewe unaniwakilisha mimi, au unawakilisha kikosi?" Kabla ya jibu, usisimulie kitu.

*Kosa la kawaida:* askari kuitwa na sajenti "aeleze tu kilichotokea". Kifungu cha 31 cha sheria ya kijeshi kinataka anayekuhoji kwa tuhuma akuambie kwanza tuhuma ni nini, na kwamba una haki ya kunyamaza. Sema: "Naomba wakili, sitatoa maelezo." Kisha unyamaze kweli. Heshima tuliyolelewa nayo, ya kumjibu mkubwa anapouliza, hapa humponza mtu.

Hatua ya 2: Pata miadi

Ingia legalassistance.law.af.mil, andika msimbo wa posta unakoishi, na ofisi za karibu za matawi yote zitatokea. Familia ya Army inaweza kuhudumiwa kwenye kambi ya Air Force. Usiposoma Kiingereza vizuri, piga Military OneSource, 1-800-342-9647, saa yoyote, uombe mkalimani.

Unapopiga simu ofisini taja mambo matatu tu: aina ya shida, tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye barua, na jina la mtu mnayegombana naye. Jina linaombwa kwa sababu ofisi moja haiwezi kumshauri mume na mke wanaotalikiana. Aliyefika kwanza ndiye mteja, wa pili anaelekezwa ofisi nyingine.

Muhuri wa notari, anayethibitisha saini yako, nao ni bure, na ofisi nyingi huutoa bila miadi siku fulani za wiki. Nenda na karatasi haijasainiwa. Unasaini mbele yao.

Hatua ya 3: Hati ya uwakili kabla ya kusafiri

Madirishani itaje kwa jina lao, *power of attorney*. Ziko aina mbili. Ya jumla humpa mwenzako mamlaka ya karibu kila kitu: kukopa, kuuza gari, kufunga akaunti. Ya jambo maalum humpa kazi moja. Chukua ya maalum, hata kama utahitaji nne. Ya jumla ni sawa na kumwachia mtu kalamu yako pamoja na saini yako, na mawakili wa kambini wanawajua askari waliorudi wakakuta madeni yenye jina lao.

Mifano inayotosha familia nyingi:

1. Gari: usajili, bima na matengenezo. Andika namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17, si "Toyota yetu".
2. Nyumba: kupokea au kurudisha nyumba ya kambi, kusaini na mwenye nyumba.
3. Mizigo: kupokea shehena ya vyombo.
4. Watoto: matibabu na shule, kwa atakayekaa nao.

Weka tarehe ya kuisha, tuseme mwezi mmoja baada ya siku unayotarajia kurudi, kwa kuwa misheni huongezwa. Kabla ya kuondoka mwache mwenzako aende benki na hati hiyo mkiwa wote mjini. Wakiikataa, mtaijua ungali hapa.

Wazazi wanaolea peke yao, na wanandoa ambao wote ni askari, wana kazi ya ziada: Family Care Plan. Kwenye Army ni fomu DA 5305, pamoja na hati ya ulezi na barua ya mlezi kukubali. Mlezi akiwa bibi aliyeko Mwanza, fikiria pia pasipoti ya mtoto na nani atampeleka. Kamanda ataliuliza hilo.

Kuhusu shamba la nyumbani. Kifungu cha 10 U.S.C. 1044b kinayabana majimbo ya Marekani yaikubali hati ya uwakili ya kijeshi hata isipofuata fomu ya jimbo. Hakimbani msajili wa ardhi wa Kiambu wala wa Arusha. Ukitaka kaka yako akuuzie au akunulie kiwanja, mwambie wakili wa huko aandike hati kwa sheria ya huko, akutumie, wewe uisaini mbele ya notari wa kambi, kisha irudi ikasajiliwe. Muulize wakili huyo mapema kama ubalozi unahitaji kugonga muhuri. Kutuma hati mara mbili kwa ndege kunakula wiki.

Hatua ya 4: Wosia, SGLI na DD 93

Hizi ni karatasi tatu na kila moja inagawa mali tofauti. Wosia haugusi bima. Rudia sentensi hiyo, maana ndiyo inayovunja familia.

SGLI, bima ya maisha ya askari, hulipa hadi dola 500,000 tangu Machi 2023. Inamlipa aliyeandikwa kwenye SOES, mfumo wa mtandaoni wa bima hiyo, basi. Umeachana na mke wa kwanza ukaoa mwingine, hukubadilisha jina? Wa kwanza analipwa. Mwaka 1981 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Ridgway, iliamua jina lililoandikwa na askari kwenye bima ndilo lishinde, hata dhidi ya amri ya talaka. Unaweza kumwandika yeyote: mama, kaka, mchumba. Ukiandika mtu mwingine badala ya mwenzi wako wa ndoa, yeye ataarifiwa, basi ni heri alisikie kwako kwanza.

DD 93, fomu ya taarifa za dharura za askari, ndiyo inayoelekeza rambirambi ya dola 100,000 inayolipwa askari akifa kazini. Inagawanywa kwa mafungu ya asilimia 10: mke 60, mama 40, kwa mfano. Asilimia 55 haikubaliki.

Sasa fanya hivi:

1. Fungua SOES na DD 93 siku moja, usome majina yaliyopo. Wengi walijaza wakiwa mafunzoni, usingizi umewajaa, na hawajarudi tena.
2. Andika majina kama yalivyo kwenye pasipoti. "Mama Brian" si jina, na "Wanjiku" bila jina la pili kutaleta Wanjiku wengi.
3. Usimwandike mtoto mdogo moja kwa moja. Bima haimlipi hadi mahakama imteue msimamizi wa mali yake, na hilo huchukua muda na pesa. Mwombe wakili aunde amana (*trust*) ndani ya wosia, ndipo uiandike amana hiyo.
4. Wosia wa mali ya Marekani uandikwe na ofisi ya kambi. Ni bure, na wakili binafsi angekutoza mamia ya dola.
5. Una ardhi Kenya? Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inasema mali isiyohamishika iliyoko Kenya inafuata sheria ya Kenya popote ulipofia. Andika wosia wa pili kwa wakili wa huko.

*Hatari:* karibu kila wosia huanza na maneno "nabatilisha wosia zangu zote za awali". Ukisaini wa Kenya mwezi wa tatu na wa Marekani mwezi wa tano, wa pili umeua wa kwanza. Wape mawakili wote wawili nakala, na kila wosia utaje kwamba unahusu mali ya nchi hiyo peke yake.

Hatua ya 5: Mikataba na madeni, yaani SCRA

Servicemembers Civil Relief Act ya 2003 ndiyo sheria utakayoitumia mara nyingi kuliko zote. Haifanyi kazi yenyewe, lazima uandike barua.

*Kuvunja mkataba wa nyumba.* Unaruhusiwa ukipata amri ya uhamisho wa kudumu, au ya kupelekwa misheni kwa siku 90 au zaidi, au ukiwa umeingia jeshini baada ya kusaini. Andika barua: jina na anwani ya nyumba, kwamba unavunja mkataba chini ya SCRA, tarehe, na anwani yako mpya. Ambatisha nakala ya amri. Mpe mwenye nyumba mkononi, asaini nakala yako, au tuma kwa posta ya rejista yenye risiti ya kupokelewa.

Hesabu yake ni hii. Mkataba unaisha siku 30 baada ya tarehe ya malipo inayofuata. Kodi ikilipwa tarehe 1 na barua ikafika 30 Juni, malipo yanayofuata ni 1 Julai, mkataba unaisha 31 Julai. Barua ikifika 2 Julai, malipo yanayofuata ni 1 Agosti, nawe umefungwa hadi 31 Agosti. Siku mbili, kodi ya mwezi mzima. Faini ya kuvunja mapema hairuhusiwi. Uharibifu wa nyumba utalipa. Mwenzi aliyesaini mkataba pamoja nawe naye anafunguliwa.

Mwenye nyumba akikuletea karatasi ya kuachilia haki zako, jua kwamba haina nguvu isipokuwa iwe waraka peke yake, wenye herufi za ukubwa wa 12 au zaidi. Usiisaini kabla wakili hajaiona. Ni nusu saa tu.

*Riba ya asilimia 6.* Deni ulilochukua kabla ya kuingia kazini, iwe kadi, gari au mkopo wa chuo, linashushwa hadi asilimia 6. Inayozidi inafutwa, haingojei mbele. Tuma barua na amri kabla siku 180 hazijapita tangu umalize utumishi. Gari ulilokopea baada ya mafunzo ya awali halimo, na ndilo wengi hukimbilia kulalamikia.

*Mikopo ya haraka karibu na lango la kambi.* Sheria nyingine, Military Lending Act, inaweka kikomo cha asilimia 36 kwa mwaka, gharama nyingi za ziada zikiwemo, kwako na kwa wategemezi wako. Mkopo wa kununulia nyumba, na wa kununulia gari uliowekewa gari lenyewe dhamana, haumo.

*Gari la kukodi kwa mkataba* linarudishwa kwa amri ya misheni ya siku 180 au zaidi. Baada ya barua una siku 15 za kulirudisha.

*Barua ya mahakama.* Usiitupe kwa kuwa "niko jeshini". Ukishindwa kufika, omba kesi isimame angalau siku 90: barua yako ieleze kazi inakuzuia vipi na utapatikana lini, na ya kamanda ithibitishe huwezi kupata likizo. Moja bila nyingine inarudishwa. Ulinzi huu ni wa kesi za madai. Kesi ya jinai haisimami kwa SCRA.

Hatua ya 6: Uraia

Askari halipi ada ya N-400, fomu ya kuomba uraia. Unahitaji pia N-426, fomu ya utumishi wako inayothibitishwa na jeshi, na hapo anza na karani wa S-1 (ofisi ya utumishi) wa kikosi chako. Piga simu ya wanajeshi ya USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, 877-247-4645, kwa maswali ya hatua. Kwa wanaotumikia kipindi cha uhasama, kilichotangazwa kuanza 11 Septemba 2001, muda wa kawaida wa kuishi nchini hauhitajiki.

Maonyo mawili. Uraia uliopatikana kwa utumishi unaweza kufutwa ukiondolewa jeshini kwa sifa mbaya kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi mwema. Kwa hiyo anayetishiwa kuondolewa aende kwa wakili wa utetezi, na amwambie kwamba yeye si raia wa kuzaliwa.

La pili linawahusu waliopata green card kwa bahati nasibu. Kama ulijaza kwamba hujaoa, na nyumbani mahari yalishatolewa au mtoto hukumtaja, usitume N-400 wala ombi la mke kabla hujamweleza wakili ukweli wote. Fomu mpya zitalinganishwa na zile za zamani. Kikao na wakili wako ni siri. Fomu si siri.

Hatua ya 7: Kwa mke au mume aliyeachwa bila matumizi, au anayepigwa

Jeshi halimruhusu askari kuitelekeza familia. Army ina kanuni ya AR 608-99, na matawi mengine yana za kwao: kama hakuna amri ya mahakama wala makubaliano ya maandishi, kuna kiasi cha chini anachopaswa kutoa. Andika barua fupi kwa kamanda wa kombania yake: jina, kikosi, tarehe aliyotuma pesa mara ya mwisho, kiasi. Ofisi ya msaada wa sheria itakusaidia kuiandika, maadamu yeye hajawa mteja wao.

Kwa kipigo, Family Advocacy Program inapokea taarifa za aina mbili. Ya siri inakupa matibabu na ushauri bila kamanda kujulishwa. Ya wazi inafungua uchunguzi. Uliza ni ipi kabla ya kuanza kusimulia. Hatari ikiwa ya sasa hivi piga 911. Simu ya taifa ya ukatili wa nyumbani ni 1-800-799-7233.

Hofu ya "akikasirika atanifutia karatasi" ndiyo inayowanyamazisha wengi. Mwenzi wa raia au wa mwenye green card aliyefanyiwa ukatili anaweza kujiombea karatasi mwenyewe chini ya VAWA, sheria inayowalinda waliofanyiwa ukatili, kwa fomu I-360, bila ada na bila mume kuarifiwa. Na askari akiondolewa jeshini kwa ukatili huo, familia inaweza kupata malipo ya mpito ya miezi 12 hadi 36.

Mambo yanapokwama

*Miadi ni wiki tatu, nasafiri Ijumaa.* Taja tarehe ya safari kwa simu. Pia kwenye foleni ya maandalizi ya kikosi mara nyingi huwa na meza ya wakili, hati ya uwakili hutoka papo hapo.

*Benki imekataa hati ya uwakili.* Omba wakili awapigie idara yao ya sheria, akitaja 1044b. Ikishindikana, saini fomu yao wenyewe.

*Mwenye nyumba hakubali kwamba niko kazini.* Tovuti ya scra.dmdc.osd.mil hutoa cheti cha utumishi bure. Akiendelea kushikilia pesa, wakili ataandika barua. Wizara ya Sheria ya Marekani nayo hushtaki wanaovunja SCRA.

*Hukumu ilitolewa nikiwa misheni.* Inaweza kufunguliwa upya, lakini ombi lifike kabla siku 90 hazijapita tangu umalize utumishi, na uonyeshe una utetezi wa maana.

*Nimeadhibiwa kwa Article 15.* Rufaa ni ndani ya siku tano. Piga kwa wakili wa utetezi leo, si baada ya wikiendi.

*Wakili wa kambi hawezi kusimama mahakamani.* Kwa kawaida hawasimami. Mwombe akupeleke kwenye Military Pro Bono Project ya chama cha mawakili cha Marekani. Mradi huo unapokea kesi kutoka kwa wakili wa jeshi, wewe huwezi kujipeleka.

*Kesi iko Nairobi au Dar.* SCRA haifiki huko. Tafuta wakili wa huko, na kabla ya kutuma senti hakikisha jina lake liko kwenye orodha ya wenye leseni ya mwaka huu ya Law Society of Kenya au Tanganyika Law Society.

*Kuna mtu anataka pesa anijazie madai ya VA (idara ya maveterani).* Kwa dai la kwanza ni kinyume cha sheria kutoza ada. Vyama vya maveterani vilivyoidhinishwa hujaza bure.